Mzee Asiyeulizwa: Mahusiano ya Kijamii na Afya ya Ubongo Uzeeni



Mpendwa msomaji, tuchukue mfano wa nyumba moja pale Rhotia, wilayani Karatu. Bibi ana miaka 80. Anaishi na mwanaye, mkwewe na wajukuu wanne. Asubuhi kila anayepita humsalimu: "Shikamoo bibi." Naye huitikia, "Marahaba mjukuu wangu," lakini aliyesalimu ameshafika getini. Mchana analetewa chakula. Jioni runinga inawashwa, wajukuu wameinamia simu, na Kiswahili chao cha haraka kinampita, kwa maana lugha yake ya moyoni ni Kiiraqw. Bibi huyu hana njaa, halali nje, wala hajatelekezwa. Hata hivyo, tangu alipoamka hadi anapolala, hakuna mtu aliyemuuliza jambo ambalo jibu lake lilihitajika.

Baada ya mwaka mmoja au miwili, bibi anaanza kuuliza jambo lile lile mara tatu. Siku moja anaacha chungu jikoni mpaka kinaungua. Watu wa nyumbani wanasema, "Ni uzee tu." Maneno hayo mafupi yanaweza kuficha mambo mawili kwa wakati mmoja: ugonjwa ambao ulipaswa kuangaliwa, na upweke ambao sisi wenyewe tungeweza kuupunguza. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyohusiana, na yanatuhusu vipi sisi waseminari, wanajumuiya na familia za Karatu na Ngorongoro.

Kusahau kwa uzee na kusahau kwa ugonjwa

Kila mtu akizeeka husahau kidogo zaidi kuliko alipokuwa kijana. Kusahau ulipoweka miwani, au kuchelewa kulikumbuka jina la padre mpya wa parokia, si ugonjwa. Ugonjwa ni pale mzee anapopotea kwenye njia ya kwenda kanisani ambayo ameipita kwa miaka 40, anaposhindwa kuhesabu chenji ambayo zamani aliihesabu bila kufikiri, au anapomtazama mwanaye wa kumzaa asimtambue.

Hali hiyo ya pili madaktari huiita demensia. Si ugonjwa mmoja, bali ni jina la jumla la magonjwa yanayoharibu ubongo, yakapunguza kumbukumbu, lugha, uamuzi na uwezo wa kufanya kazi za kila siku. Ulio mkubwa kati ya hayo ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani linasema huchangia kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote. Mwingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, mara nyingi kwa sababu ya shinikizo la damu na kiharusi. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo tusidhani huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Hapa kwetu tunao ushahidi. Mwaka 2010 watafiti walikwenda vijijini katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Walikuta kwamba kati ya wazee 100, takriban 6 walikuwa na demensia. Hai si mbali na Karatu, na maisha ya mkulima wa kule hayatofautiani sana na ya mkulima wa Mbulumbulu au Endabash. Basi katika parokia yoyote kubwa ya eneo letu kuna uwezekano mkubwa kwamba wagonjwa wa namna hii wapo, hata kama majina yao hayajaandikwa popote.

Utafiti unasema nini kuhusu mahusiano

Mwaka 2000 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Stockholm, Uswidi. Watu 1,203 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, ambao mwanzoni hawakuwa na demensia, walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 3. Waliokuwa na mtandao hafifu wa ndugu na marafiki walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata demensia, kwa takriban asilimia 60, kuliko wenye mahusiano mazuri. Jambo la kuzingatia ni kwamba watafiti hawakuhesabu idadi ya watu tu. Waliangalia pia kama mzee anaridhika na mahusiano aliyonayo. Mtoto anayekuja mara nyingi lakini kila akija huleta ugomvi hamsaidii sana mzazi wake.

Mwaka 2024 kamati ya wataalamu iliyoundwa na jarida hilo hilo ilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa katika maisha yote ya mtu, karibu asilimia 45 ya visa vya demensia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kati ya hayo kuna elimu duni utotoni, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, ulevi, majeraha ya kichwa, sonona, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, na kutengwa na jamii. Upweke, kwa hiyo, umewekwa katika orodha moja na presha na sigara.

Hata hivyo tuwe wakweli. Wakati mwingine mambo huenda kinyume: ubongo huanza kuugua kimyakimya miaka mingi kabla ya dalili, na mgonjwa, akiona anasahau majina na kukosea maneno, hujitenga kwa aibu. Hapo kujitenga si chanzo bali ni dalili ya mwanzo. Lakini kwetu tunaomtembelea, hitimisho ni lile lile. Mzee aliyekuwa haachi Jumuiya, na sasa haonekani, anahitaji kufuatwa nyumbani, ama kwa sababu upweke unamdhuru au kwa sababu ugonjwa umeanza.

Somo kutoka kwa masista

Utafiti mmoja unatugusa kwa karibu. Mwaka 1986 mtafiti David Snowdon alianza kuwafuatilia masista wa Shirika la School Sisters of Notre Dame nchini Marekani. Hatimaye masista 678, wote wenye umri wa miaka 75 na zaidi, walikubali kupimwa kumbukumbu mara kwa mara, na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Wengi wao walikuwa walimu maisha yao yote, na waliona kwamba hilo lilikuwa somo lao la mwisho.

Aliyewashangaza watafiti zaidi ni Sista Mary, aliyefariki akiwa na miaka 101. Mpaka karibu na mwisho wake alikuwa akijibu maswali ya kumbukumbu vizuri. Ubongo wake ulipochunguzwa, ulikutwa na alama nyingi za ugonjwa wa Alzheimer. Yaani ugonjwa ulikuwamo, lakini haukufanikiwa kumshinda.

Tusiharakishe kusema kwamba konventi ndiyo iliyomkinga, maana masista wote 678 waliishi katika jumuiya, na baadhi yao walipata demensia. Mambo mengine, kama elimu na ufasaha wa lugha tangu ujana, yalionekana kuwa na mchango wake. Lakini jambo moja linabaki: ubongo ulioharibika kiasi fulani unaweza kuendelea kufanya kazi ikiwa una akiba. Wataalamu huizungumzia akiba hiyo kama mkulima anavyozungumzia ghala. Aliyejaza ghala hupitia mwaka wa ukame akiwa amesimama, ilhali jirani yake, kwa ukame ule ule, analala njaa.

Mazungumzo yanafanya nini ndani ya kichwa

Kwa nini kuongea na mtu kunaijaza akiba hiyo? Tazama kinachotokea mzee anapoulizwa, "Babu, mwaka ule wa njaa mlikula nini?" Kwanza lazima asikie na kuelewa. Kisha atafute tukio katika kumbukumbu, alipange lianzie wapi na liishie wapi, achague maneno, amtazame msikilizaji aone kama anaelewa, na akumbuke alikuwa amefikia wapi mtoto akimkatiza. Hayo yote hufanyika katika dakika moja. Kutazama runinga akiwa peke yake hakumdai hata nusu ya kazi hiyo.

Faida nyingine hupitia mwilini. Upweke wa muda mrefu huweka mwili katika hali ya wasiwasi, huharibu usingizi, na huongeza hatari ya sonona. Mzee mwenye mahali pa kwenda hutembea. Asiye na mahali pa kwenda hukaa, na kukaa tu huzidisha presha na kisukari. Tena mwenye watu huonwa. Akikosea dozi ya dawa au mdomo ukipinda ghafla, kuna mtu wa kugundua na kumkimbiza hospitali.

Wazee wetu walikuwa na kazi

Mababu zetu hawakuwa na vipimo, lakini walimpa mzee kazi iliyohitaji kumbukumbu. Kwa Wairaqw kuna slufay, sala ndefu ya kishairi ambayo mzee huiongoza akiombea jamii amani na neema, na waliokusanyika humwitikia kila kipande. Mwenye kuongoza slufay hasomi popote. Hubeba maneno kichwani, na mwitikio wa watu ndio unaomsukuma mbele. Kwa Wamasai, mikutano ya wazee huamua mambo kwa hoja na kumbukumbu: nani alichunga wapi, nani alimlipa nani ng'ombe wangapi. Chini ya mti utawakuta wakicheza enkeshui, mchezo wa kete na mashimo wa jamii ya bao, ambao bila kuhesabu na kukumbuka huchezi.

Na huko bondeni, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe. Katika miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa nao wakaona jambo lililowashangaza wengi: mabibi waliokwisha kupita umri wa kuzaa walifanya kazi kwa bidii kuliko wanawake wengi vijana, wakichimba mizizi ya chakula ardhini. Mama aliponyonyesha mtoto mchanga, bibi ndiye aliyewalisha wajukuu wakubwa. Kutokana na hayo watafiti walijenga hoja kwamba huenda binadamu ameishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu bibi anahitajika. Utafiti huo haukupima kumbukumbu, lakini unatufundisha kwamba uzee katika jamii hiyo haukuwa chumba cha kusubiria kifo. Ulikuwa na kazi yake.

Kilichobadilika

Leo mambo si yale. Barabara ya lami iendayo lango la Ngorongoro imeleta hoteli na kambi za wageni, na vijana wengi wa Karatu wanafanya kazi humo kama waongoza watalii, wapishi na madereva. Mshahara unasaidia nyumba, lakini kijana haonekani kwa wiki nyingi. Watoto wanakua wakizungumza Kiswahili, na wengine hawajui tena lugha ya bibi. Hapo ndipo mzee anapokuwa mgeni sebuleni kwake.

Upande wa Ngorongoro, tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihama kutoka ndani ya hifadhi kwenda Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Mjadala wa uhamisho huo ni mpana na una mahali pake. Kwa mada yetu itoshe kusema hivi: mzee anapohama, au anapobaki huku majirani zake wakihama, hupoteza watu waliokuwa wakimkumbusha yeye ni nani. Aliyechunga naye utotoni na kutahiriwa naye rika moja hawezi kubadilishwa na jirani mpya kwa siku moja.

Kuna pia mwizi ambaye hatumtaji: masikio. Mzee asiyesikia vizuri huchoka kuuliza "umesemaje?" Watu nao huchoka kurudia. Mwishowe huacha kuongea naye, wakasema amechanganyikiwa, kumbe hakusikia swali. Kabla ya kumhukumu mzee, mketi mbele ya uso wake, sema polepole, zima redio, na mpeleke apimwe masikio. Wakati mwingine nta tu ndiyo iliyoziba.

Vikundi vya Hai

Je, mtu ambaye tayari ana demensia anaweza kusaidiwa na mahusiano? Wilayani Hai walijaribu. Wazee 34 wenye demensia, isiyo kali sana, waliwekwa katika vikundi vidogo. Walikutana mara 14 katika wiki 7. Kila kikao kilikuwa na mada: utoto, vyakula, sauti, habari za siku hizi, michezo myepesi. Kwa kuwa wengi hawakusoma shule, watafiti hawakutegemea karatasi. Walitumia vitu ambavyo wazee wanavijua na mikono yao imevizoea. Hata katika kuwapima wazee kumbukumbu, kipimo kilichoandaliwa kwa mazingira hayo hutumia njiti za kiberiti mahali pa kalamu, ili asiyejua kuandika asionekane mgonjwa kwa sababu hiyo tu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kwamba baada ya vikao hivyo uwezo wa akili wa wazee uliongezeka, na wasiwasi ukapungua. Hawakupona, kwa maana demensia nyingi bado hazina dawa ya kuziponya. Lakini walipata nafuu kwa mambo ambayo hayahitaji mashine wala dola: viti, mtu mwenye subira aliyefundishwa, na maswali mazuri.

Sisi tufanye nini?

Ukitazama vizuri vikundi vya Hai, utaona vinafanana na kitu ambacho tayari tunacho. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hukutana kila wiki, nyumba kwa nyumba, watu wachache wanaojuana majina. Hatuhitaji kuunda chombo kipya, ila kubadilisha kidogo namna tunavyokitumia.

Kwanza, Jumuiya isali nyumbani kwa mzee, na mzee apewe sehemu. Tusimweke pembeni kama mgonjwa wa kuombewa tu. Aongoze fumbo moja la Rozari au aanzishe wimbo. Sala na nyimbo za utotoni hudumu sana kichwani. Wengi waliosahau majina ya watoto wao bado humaliza Salamu Maria bila kukosea. Akikosea, tuitikie tu, tusimsahihishe mbele za watu.

Pili, tunapokwenda kuwatembelea wazee na sukari na sabuni, tubebe pia maswali. Wanawake wa WAWATA na vijana wa VIWAWA wanaweza kugawana: wengine wafanye usafi, mmoja aketi na kuuliza. "Kanisa hili lilijengwaje? Nani alikuwa katekista wa kwanza? Mlilimaje kabla ya trekta?" Vijana waandike majibu. Mzee atapata kazi, na parokia itapata historia yake kabla haijazikwa.

Tatu, frateri aliye likizoni au katika mwaka wa kichungaji asiridhike kupeleka Komunyo kwa wagonjwa na kukimbilia nyumba inayofuata. Dakika 20 za kusikiliza ni sehemu ya huduma hiyo. Na pale ambapo mzee anazungumza Kiiraqw, Kimasai au Kidatoga tu, aende na mtu anayejua lugha hiyo, au ajifunze walau salamu na maswali machache.

Nne, nyumbani, bibi asinyang'anywe kazi zote kwa jina la huruma. Achambue maharage, alinde vifaranga, aulizwe kama mvua imekaribia. Anayemfanyia mzee kila kitu humwambia, bila maneno, kwamba hahitajiki tena.

Tano, tuwajali wanaouguza. Mara nyingi ni binti mmoja au mkwe anayebeba mzigo wote usiku na mchana. Jumuiya ikimpokea zamu ya nusu siku tu kwa wiki, imemsaidia yeye na mzee pia.

Lini kwenda hospitali

Maongezi hayachukui nafasi ya daktari. Mzee anayesahau kwa namna inayoongezeka, anayepotea njia, au aliyebadilika tabia apelekwe kituo cha afya apimwe presha, sukari, macho na masikio. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, ni dharura: kunaweza kuwa malaria, maambukizi, kiharusi au dawa zilizozidi, na mengi ya hayo hutibika. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilielekeza kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza watibiwe bila malipo. Viongozi wa Jumuiya wawasaidie wazee kupata utambulisho unaohitajika. Kwa walio ndani ya hifadhi, Hospitali ya Endulen ya Jimbo Kuu la Arusha ipo karibu nao.

Na jambo moja zito. Katika sehemu za nchi yetu, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa macho mekundu tu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Mzee mwenye demensia huweza kutanga usiku, kuongea peke yake, au kuingia nyumba isiyo yake. Mkristo anayejua kwamba huo ni ugonjwa ana wajibu wa kusema hivyo kwa sauti, kabla uvumi haujamfikia mtu mwenye panga.

Hitimisho

Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anamwagiza mwana amtunze baba yake uzeeni, na anaongeza jambo ambalo wengi hulipita wakisoma haraka: hata baba akipungukiwa na akili, mwana amvumilie na asimdharau wakati yeye bado ana nguvu zake. Maandiko, basi, yaliijua hali hii zamani. Tangu mwaka 2021, Baba Mtakatifu Fransisko alipoiweka, Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani kila Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Ni siku nzuri ya kuanzia, lakini ni siku moja kati ya 365.

Ndugu msomaji, leo jioni ukifika nyumbani na kusema "Shikamoo bibi," usubiri marahaba yake. Kisha vuta kigoda, uketi, umuulize jambo usilolijua.